Jengo Lililomshukia Pindo

Siku ya kwanza ya kazi, Pindo alifika kiwandani mlinzi akiwa bado anapiga mswaki. Akafunga breki za kiti chake cha magurudumu mbele ya geti, akasubiri mzee wa watu amalize kusukutua. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe, yenye kola iliyokaa kama imechorwa, na mapajani alipakata mkoba wa mkasi, sindano na futi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye yule wa wakala?”

“Ndiye mimi.”

“Karibu sana. Ila nikwambie mapema, usije ukasema nilikuficha. Wanakoshonea ni juu.”

Pindo akainua macho. Kiwanda kilikuwa cha sare, za shule, za wauguzi, za wapishi, na jengo lake lilikuwa la ghorofa mbili, refu kwenda nyuma, lililopakwa rangi ya maziwa. Chini kulikuwa na chumba cha wageni na stoo. Ghorofa ya kwanza ndiyo ya kushonea, na ngurumo ya vyerehani ilikuwa imeshaanza kusikika huko. Ghorofa ya pili ilikuwa ya ofisi. Kupanda kulikuwa na ngazi za saruji, nyembamba, zenye kona katikati. Lifti haikuwapo.

Hakuwa amekuja kwa kubahatisha. Wakala wa mafunzo ya ufundi ulimfundisha ushonaji mpaka akaiva, kisha ukamtafutia mwajiri. Wakala na kiwanda walikuwa wamefunga mkataba wa ushirikiano: wakala utoe mafundi wenye ulemavu, kiwanda kiwape kazi. Siku ya kutia saini, huko kwa wakala, kulikuwa na keki, na picha ya siku hiyo, kubwa kama dirisha, ikatundikwa chumba cha wageni. Katika picha hiyo meneja ameshika mipini ya kiti cha Pindo kama mtu aliyenunua gari jipya. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. La Pindo alipewa chuoni, kwa sababu pindo zake zilinyooka hata umeme ukikatika. Miguu yake iligoma tangu utotoni, baada ya homa, naye alishazoea kuishi nayo kama mtu anavyoishi na ndugu wasiofanya kazi: aliivalisha, aliibeba, na maisha yakaendelea.

Meneja akashuka mwenyewe kumpokea. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye manukato ya kutangulia na mikono ya shati iliyokunjwa hadi kwenye viwiko.

“Dada yetu! Tumekusubiri kwa hamu.”

“Asante, bosi. Napandaje?”

Meneja akazitazama ngazi kana kwamba zimewekwa asubuhi ile. “Hilo tunalishughulikia.”

“Basi cherehani kimoja kishushwe. Nitashonea hata stoo, sina neno.”

“Vile vimefungwa kwa bolti, dada, na umeme wake uko juu. Stoo imejaa. Chumba cha wageni, unajua tena, ni cha wageni.” Akainama, akashusha sauti kama anayetoa zawadi. “Sikiliza. Wewe nenda nyumbani, upumzike. Umeshaajiriwa. Mshahara utaingia kama kawaida. Mambo yakiwa tayari tutakuita.”

Pindo alielewa. Chuoni walikuwapo wengine walioajiriwa hivyo hivyo, wakakaa nyumbani wakiitwa wafanyakazi, mpaka mikono yao ikasahau kazi. Mmoja wao siku hizi hata kifungo hawezi kukishikiza.

“Mimi nimeajiriwa kushona, bosi,” akasema. “Nitasubiri hapa.”

Akazungusha kiti mpaka ua wa nyuma, chini ya mlango wa dharura. Mlango huo wa chuma ulikuwa juu, kwenye ukumbi wa kushonea, ukifungukia ngazi nyembamba za vyuma zilizoshuka hadi uani. Pindo akakaa kwenye kivuli cha ngazi hizo, akatoa sindano, akaanza kutengeneza mfuko wa mkoba wake, uliokuwa umefumuka.

Haikupita muda dirisha la juu likafunguka na mikono miwili ikajitokeza. Ilikuwa mikono ya Mvuke, mpiga pasi, aliyesoma naye chuoni na kuletwa kiwandani na wakala huohuo. Mvuke alizaliwa kiziwi, na kwa kuwa aliweza kupanda ngazi, yeye alishaanza kazi.

“Unafanya nini huko chini?” akauliza kwa lugha ya alama.

“Kazi,” Pindo akajibu kwa mikono. “Nani anasimamia huko?”

“Mama mmoja mnene, mwenye futi shingoni. Mkali kidogo, lakini mtu.”

“Mwambie anishushie kitu cha kushona.”

Mvuke akatoweka. Kumwambia msimamizi kulichukua muda, maana Mvuke hakusema kwa mdomo na yule mama hakujua alama hata moja. Mwishowe Mvuke alimshika mkono, akamleta dirishani, akamwonyesha. Mama Futi, kama walivyomwita mafundi wake, akamtazama binti aliyekaa uani na sindano mkononi bila kitambaa. Baada ya chai ikashuka kamba, na kwenye kamba kikapu, na ndani ya kikapu suruali za shule zisizo na pindo.

Hivyo ndivyo kazi ya Pindo ilivyoanza. Kila siku kikapu kilishuka na kupanda. Mvua ikinyesha alihamia kibandani kwa mlinzi, na mzee akamsogezea kiti chake kando ili magurudumu yapite. Vifungo, pindo, lebo, chochote ambacho mkono ungeweza, alifanya. Meneja alimwona kila akipita kwenda kwenye gari lake, akampungia mkono, akasema, “Tunalishughulikia, dada.”

Kaka yake Pindo alikuwa mwashi. Waliishi nyumba moja, Pindo, kaka mtu, wifi na watoto, na katika nyumba hiyo hapakuwa na kizingiti hata kimoja kwa sababu kaka alivivunja vyote kwa mkono wake. Siku moja akaja kiwandani na nguo zake za kazi na mwiko mkononi, akaomba kuonana na meneja, wakasimama uani.

“Bosi, ua wako ni mkubwa,” akasema. “Naweza kujenga njia ya mteremko hapa, ikaenda, ikakata kona, ikarudi, mpaka kwenye ule mlango wa dharura. Nitafanya Jumapili. Sitaki malipo. Saruji ninayo ya kubakia.”

“Moyo mzuri sana huo,” meneja akasema, na alimaanisha. “Ila jengo hili lina mchoro wake. Mteremko utaharibu sura. Halafu nani mwingine atautumia?”

“Dada yangu.”

“Ndiyo, lakini zaidi yake?”

Kaka akatazama chini, akafuta mwiko kwenye suruali ingawa ulikuwa safi. Njiani wakirudi nyumbani alisukuma kiti bila kuombwa, jambo ambalo Pindo hakulipenda, ila siku hiyo alimwachia.

“Acha hiyo kazi,” kaka akasema. “Nitakufungulia kibanda hapa mtaani. Utashona nguo za majirani kwa raha zako.”

“Nikifungua kibanda, watasema nilishindwa. Na atakayekuja baada yangu ataambiwa tulishamleta mmoja, akaondoka mwenyewe.”

“Kwa hiyo utakaa uani mpaka lini?”

“Mpaka niingie.”

Afisa wa wakala naye alikuja kumtembelea. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, viatu vyake vimeliwa upande mmoja kwa kutembelea viwanda. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama Pindo akishikiza vifungo.

“Mdogo wangu, unaendeleaje?”

“Naendelea, dada. Niko kazini, lakini bado sijaingia.”

Afisa akashusha pumzi. “Nikiwabana sana, watasema wakala wetu una fujo. Nina vijana wengi wanasubiri nafasi, na waajiri wenyewe wa kuwabembeleza. Huyu angalau amekubali.”

“Sijakuambia uwabane. Nimekuambia useme ulichokiona.”

“Nitasema umeanza kazi.”

“Kweli nimeanza. Sema pia ninaanzia wapi.”

Afisa alimwachia kopo la mafuta ya mikono, akaondoka na haraka zake, na Pindo hakumchukia. Alijua uzito wa kuomba kwa niaba ya watu wengine. Ila mafuta hakuyatumia, yangechafua vitambaa.

Wa kwanza kuona kwamba jengo linashuka alikuwa Mama Futi. Kamba ya kikapu ilizidi urefu. Kikapu kilifika chini na kamba nyingine ikabaki imelala uani kama nyoka aliyeshiba. Mama Futi akafikiri ni kamba iliyolegea, akaipiga fundo. Baada ya wiki akaipiga jingine. Mafundo yalipokuwa mengi, akaikata, kipande kilichobaki akafungia marobota.

Jengo lilishuka mchana, saa za kazi, bila kelele. Chai haikumwagika. Sindano hazikuruka mshono. Mafundi walihisi tu kitu kama kile kinachompata mtu anapokaa kwenye kochi laini, kisha wakaendelea. Chumba cha wageni kilianza kuona udongo kwenye vioo, kwanza kama mstari, kisha kama pazia linalopanda kutoka chini. Mhudumu wa mapokezi aliwasha taa na kufunga pazia halisi. Mtunza stoo alilalamika kwamba lango lake limekuwa fupi, anajigonga utosi, akapewa kofia ngumu.

Kaka yake Pindo akaletwa, safari hii kwa mwito. Akaning'iniza uzi wa timazi kwenye kila kona, akaweka pima maji juu ya madirisha, akagonga kuta na kutega sikio.

“Hamna ufa,” akamwambia meneja. “Limenyooka vizuri kabisa. Linashuka tu.”

“Litafika wapi?”

“Litakapotaka. Mimi najenga, bosi, sijui majengo yaliyokwisha kujengwa yanataka nini.”

Meneja akaridhika. Alichokuwa anakiogopa ni ufa, kwa sababu ya bima. Kushuka hakukutajwa popote kwenye bima.

Pindo hakumuuliza mtu kitu. Aliendelea kushona uani, na kila wiki mikono ya Mvuke ilikuwa karibu zaidi. Mwanzoni ilibidi azungumze kwa ishara kubwa, mabega na yote, kama anayeongoza ndege kutua. Baadaye wakaweza kusemezana kwa vidole tu. Kisha siku moja Mvuke akanyoosha mkono dirishani na kumpa kikombe cha chai, naye akakipokea bila hata kujinyoosha. Kikapu kikarudishwa sokoni kilikotoka.

“Chai yenu ina sukari nyingi,” Pindo akasema kwa vidole vya mkono mmoja.

“Ya bure. Kunywa.”

Ngazi za vyuma zilizama taratibu mpaka haikubaki hata moja. Asubuhi moja kizingiti cha mlango wa dharura kikawa sawa na ardhi ya uani, sawa kabisa, kama zulia na sakafu. Mvuke akauvuta ule mlango kutoka ndani. Ulikuwa haujafunguliwa kwa miaka mingi, ukatoa vumbi. Mama Futi alisimama nyuma yake na futi shingoni, na nyuma yake mafundi wote, vyerehani vimenyamaza.

Pindo akatoa breki. Gurudumu la mbele likavuka, kisha la nyuma. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii muda mrefu, na alidhani angelia. Hakulia. Alichokihisi ni njaa ya kazi, ile ya mikono, iliyoanzia kwenye vidole ikapanda hadi mabegani.

“Cherehani chako kile pale,” Mama Futi akasema. “Karibu na dirisha. Nilikiwekea mafuta kila wiki. Meza nimeishusha kidogo, uniambie kama haikai vizuri.”

“Inakaa vizuri, mama.”

“Haya. Sare za wauguzi zimechelewa. Jikaze kisabuni.”

Vyerehani vikaanza tena. Pindo akabonyeza swichi ya mkono ambayo Mvuke alimfungia mahali pa kanyagio, kitambaa kikaingia chini ya sindano, na hadi saa ya chakula hakuinua uso.

Meneja alipopata habari alishuka kwa furaha. Sasa hakuwa na ngazi nyingi za kushuka, maana ofisi zake zilibaki ghorofa moja tu juu ya ardhi. Akampiga picha Pindo kwenye cherehani. Akauarifu wakala kwamba kiwanda kimeboresha miundombinu yake ili kuwapokea watu wote. Wakala ukafurahi, kwa sababu habari njema zilikuwa adimu, na mwisho wa mwaka kiwanda kikapewa tuzo ya mwajiri bora.

Tuzo ilitolewa ukumbini humo. Viti vilipangwa kati ya vyerehani, wageni wakaja, na meneja akahutubia kwa kirefu juu ya moyo wa kujitoa. Kisha Pindo akapewa kipaza sauti aseme neno.

“Asanteni kwa kuja,” akasema. “Nilipoajiriwa nilikaa uani misimu miwili ya mvua. Kaka yangu alitaka kujenga njia, akakataliwa. Jengo lilishuka lenyewe. Njia bado haijajengwa. Mwenzangu Mvuke amekaa humu muda wote huo na hakuna aliyejifunza lugha yake isipokuwa Mama Futi, maneno machache. Asanteni.”

Wageni wakapiga makofi ya nguvu. Mmoja alifuta machozi na kumwambia jirani yake kwamba binti anazungumza kwa shukrani sana. Afisa wa wakala, aliyekaa safu ya pili, hakupiga makofi. Alikuwa ameinamia viatu vyake. Baada ya sherehe alimfuata Pindo, akamshika bega.

“Nimekusikia,” akasema.

“Najua, dada. Sasa kamwambie asiyesikia.”

Afisa alikwenda. Pindo alimwona kupitia mlango wazi, akizungumza na meneja kandokando ya meza ya vinywaji, akionyesha ngazi kwa kidole. Meneja alitikisa kichwa kukubali kila neno, akamwekea afisa soda mkononi, akamwitia mpiga picha.

Mwaka uliofuata Mama Futi alistaafu, magoti yakiwa yameshindwa na ngazi za kupanda vikaoni ofisini. Siku ya mwisho akavua futi shingoni, akamvisha Pindo mbele ya mafundi wote, akasema hana mwingine wa kumwachia. Hakuna aliyepinga. Pindo ndiye aliyewafundisha nusu yao kuweka zipu isiyong'ata. Ilibaki jina lake kupelekwa ofisini ili apewe cheo.

Meneja akamwita kwenye simu ya ndani, kwa sababu ofisi ilikuwa juu.

“Hakuna mwenye sifa kukuzidi,” akasema. “Tatizo ni moja tu. Chumba cha wasimamizi kiko huku. Vikao viko huku.”

“Vikao vishuke.”

“Projekta iko huku, dada.”

“Projekta nayo ishuke. Si nzito kuliko jengo.”

Meneja akacheka kwa moyo mweupe. “Tunalishughulikia. Kwa sasa wewe simamia kazi, jina litakufuata. Na kwenye vikao tutamtumia mwenzako, yule wa pasi. Miguu anayo.”

Basi Pindo akasimamia ukumbi mzima bila cheo, na kila Jumatatu Mvuke akapanda vikaoni. Aliomba mkalimani, akaambiwa ombi limepokelewa. Akakaa kwenye kiti cha mwisho, akatazama midomo ikifunguka na kufunga, akatazama picha za projekta zikipita, na kikao kikiisha akashuka na biskuti mfukoni.

“Wamesemaje?” Pindo angeuliza.

“Mmoja amekasirika. Mwingine amelala. Kulikuwa na mchoro wa mshale unaopanda.” Kisha angempa biskuti. “Hizi ndizo nilizozielewa.”

Walikula biskuti hizo wakipanga kazi za wiki wenyewe, na kazi zikatoka kwa wakati, na sifa zikapanda juu kwa ngazi.

Ndipo jengo likaanza tena kushuka. Safari hii hapakuwa na kamba ya kulitambulisha. Pindo mwenyewe aliligundua mlangoni, alipohisi sakafu imeshuka na kiti kinataka kukimbia kuingia, kidogo tu, kama kwenye sakafu iliyomwagiwa sabuni. Akainua macho kwenye madirisha ya ofisi. Yalikuwa yamesogea chini. Akaanza kufunga breki mapema zaidi.

Meneja naye aliona, na hakuwa mjinga. Alijua kwamba jengo likiendelea hivyo, ofisi zake zitafika ardhini, na chumba cha wasimamizi pamoja nazo. Hakukasirika. Aliitisha kikao, projekta ikawashwa, na ikaamuliwa kwamba kiwanda kinakua, na kiwanda kinachokua kinahitaji ghorofa. Ofisi zitahamia juu kwenye ghorofa mpya. Vyerehani vitahamia kwenye ofisi za zamani, ambazo kufikia hapo zitakuwa sawa na ardhi. Ukumbi wa sasa utakuwa stoo. Mvuke alirudi kutoka kikao hicho bila biskuti. Akamchorea Pindo kwenye kipande cha kitambaa, kwa chaki: nyumba, na juu yake nyumba nyingine, na juu kabisa mtu mwenye mikono ya shati iliyokunjwa.

Jioni Pindo alimkuta kaka yake amekaa barazani, viatu vya kazi vimefungwa kamba na kuwekwa kando, uso umeinama. Wifi alikuwa ndani, akiwanyamazisha watoto zaidi ya ilivyohitajika.

“Wameniita mimi,” kaka akasema. “Niwajengee.”

“Nilidhani hivyo.”

“Nimewaambia nitafikiri. Sina cha kufikiri. Siwezi kuwajengea ukuta wa kukukimbia wewe.”

“Una kazi nyingine?”

Walijua wote wawili kwamba ujenzi ulikuwa umelala mji mzima, na kwamba tangu mwezi uliopita alikuwa akiondoka asubuhi na mwiko na kurudi nao mkavu.

“Ukikataa, watamchukua mwingine,” Pindo akasema. “Huyo mwingine atajenga ovyo. Kubali.”

“Wewe hujali?”

“Najali sana.” Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. “Ndiyo maana nataka uijenge imara. Weka nondo za kutosha. Siku nikifika huko sitaki iniangukie.”

Kicheko kikamtoka kaka puani, cha mtu ambaye hakutaka kucheka.

“Na milango,” Pindo akaendelea. “Ofisi zao zote zina milango myembamba, Mvuke kaniambia. Hiyo mipya iwe mipana.”

“Hawakuniambia mipana.”

“Walikuambia myembamba?”

“Hawakutaja.”

“Basi anayeshika mwiko ni nani?”

Kaka akaingia ndani, akatoka na futi yake ya chuma. Akapiga goti mbele ya kiti, akapima kutoka gurudumu hadi gurudumu, akaongeza nafasi ya viwiko, akaongeza nafasi ya mtu mwenye haraka. Akapima pia urefu wa mkono wa dada yake akiwa amekaa, kwa ajili ya vitasa na swichi za taa. Wifi akatoka na taa, akawamulikia bila kuuliza.

Ghorofa ikajengwa. Kila siku kaka alianza asubuhi na kumaliza jioni, na kutoka ukumbini Pindo aliusikia mwiko wake ukikwangua juu ya kichwa chake, sauti aliyoifahamu tangu utoto. Meneja alipanda kukagua, akasifu upana wa milango. Akasema inaonyesha hadhi. Vitasa aliona viko chini kidogo, akadhani ni mtindo mpya, akakubali.

Wakahama. Vyerehani vikapangwa kwenye ofisi za zamani, penye vioo vikubwa na mwanga mzuri, mlango mpana ambao kaka aliufungua ukiwa sawa na uani. Stoo ikapanda kwenye ukumbi wa kwanza, ambao sasa ulikuwa chini ya ardhi. Chumba cha wageni kilikuwa chini zaidi na hakuna aliyekihitaji tena. Wageni sasa walipokelewa juu. Pindo akachagua mahali pa cherehani chake, akawapangia mafundi nafasi zao, akamweka Mvuke karibu na dirisha kwa sababu ya joto la pasi. Wakala ukamleta binti mwingine wa kushona, asiyeona kwa jicho moja na kwa jingine akiona kidogo tu, na Pindo akaanza kumfundisha kuisoma mishono kwa kidole. Binti akauliza nani ni msimamizi hapa.

“Mimi,” Pindo akasema. “Jina bado liko njiani.”

Chumba cha wasimamizi kilikuwa juu. Vikao vilikuwa juu. Njia ya mteremko ilikuwa inashughulikiwa.

Mwezi haujaisha, Pindo akaanza tena kufunga breki mapema mlangoni. Siku hiyo hiyo, wakiwa mezani na familia, simu ya kaka yake ikalia. Alikuwa meneja. Kaka alisikiliza kwa muda, akaitikia ndiyo mara kadhaa, kisha akaziba simu kwa kiganja.

“Anauliza kama jengo linaweza kubeba ghorofa nyingine juu ya ile.”

Pindo alimaliza kutafuna.

“Mwambie linabeba,” akasema. “Na milango uache upana uleule.”